Babu Injini Anaongoza Msafara

Kusikiliza ya watu hakukuwa tabia ya mshonaji, ila kiti cha basi kilicho nyuma ya wasemaji hakina mlango. Mmoja wao, mwenye kofia, ndiye aliyeandaa safari ya wapenzi wa magari ya zamani, kupanda mlima na kufaidi mandhari. Gari lake liligoma kuwaka, basi akapanda basi kama watu wengine.

"Ndugu yangu," alisema abiria wa pembeni yake, "ile barabara ni kona tupu, na chini ni korongo! Nani anaongoza?"

"Babu Injini. Yule mzee ile barabara anaipita hata akifumba macho."

Mshonaji aliwainamia wasemaji. Babu Injini ni baba yake. Asubuhi ile alimwekea chai mbele yake, mzee akapapasa meza nzima akikitafuta kikombe, kisha akaaga kwamba anakwenda kulifuta gari vumbi.

"Kaka, mzee huyo haoni! Mpigie asiondoke!"

Mwenye kofia aligeuka, akatazama saa yake. Basi lilisimama kituoni, hakuna aliyeinuka.

"Dada," alisema taratibu, "wameshaanza kupanda. Na wote wanafuata taa zake."