Kikombe cha Kwanza cha Nihar Kanti Barua

Mheshimiwa Mtawa wa hekalu letu, ndugu, jamaa na majirani, na ninyi wafanyabiashara wa soko la Khatunganj mliofunga maduka leo kwa heshima ya marehemu, mimi ni Kalyani, dada yake mkubwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Bwana Bhudeb Chowdhury, mshirika wake wa biashara, aliniomba asubuhi hii, kwa upole kabisa, nisome kuzaliwa, kazi na ndoa, kisha nikae chini, nisifike kwenye ugonjwa. Nimemsikia, lakini nitafika.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1961 hapa kijijini kwetu, Raozan, akiwa mtoto wa mwisho wa mzee Sashanka Barua na mama Hemlata, mtoto mlafi, mwenye mdomo usiofunga, ambaye mama alimfichia mtindi juu ya kabati na bado akaufikia. Alianza shule ya msingi mwaka 1967, vita vya uhuru vya 1971 vikamkatiza masomo, akamaliza sekondari mwaka 1978, kisha akaenda Chattogram kusomea biashara, akahitimu mwaka 1982 kwa alama ambazo baba aliomba zisitajwe mbele za watu.

Mwaka 1983 aliajiriwa na wakala wa forodha bandarini, kazi yake ikiwa kukimbiza makaratasi ofisi hadi ofisi, na huko ndiko alikojifunza kwamba unga wa maziwa, pamoja na ule unaotokana na maji yanayobaki jibini ikigandishwa, hauingii nchini kiholela, bali lazima uje na cheti cha afya kutoka unakotoka, usiwe umekaribia kuharibika, upimwe mionzi, upimwe maabara, ndipo upewe kibali. Mwaka 1994 yeye na Bwana Bhudeb walifungua kampuni yao, wakawa wanawaletea unga huo wapika mishti, vile vitamu vyetu vya maziwa, na wa biskuti na aiskrimu, na kila shehena ilipofika ghalani Nihar alifungua gunia, akakoroga kikombe cha kwanza, akanywa mbele ya wanunuzi, akapangusa masharubu na kusema, "Jamani, tumbo langu limeshatoa kibali, hao wa maabara watafuata!"

Watu walicheka, nami nilicheka, ila kidogo kidogo mzaha ule ukashika nafasi ya sheria. Mnunuzi akawa haulizi tena cheti, anauliza, "Nihar kanywa?" akijibiwa, "Kanywa," anasema, "Basi nipakilie." Hata sampuli za kupima zikawa zinachotwa kwenye magunia ya mlangoni mwa kontena, yale yale aliyochota yeye, na wanaotuuzia huko ng'ambo wakalijua hilo mapema kuliko sisi, wakawa wanapanga unga mzuri mbele na ule mwingine nyuma.

Tarehe 12 Februari 1988 alifunga ndoa na wifi yangu Mallika, wakajaliwa binti mmoja, Urmi, aliyezaliwa mwaka 1991 na kuingia kwenye kampuni ya baba yake alipomaliza chuo. Urmi naye akawaletea mjukuu, Titli, sasa ana miaka minne, kipenzi cha babu, aliyezoea kukorogewa naye kikombe cha unga ule kila asubuhi, babu chake na mjukuu chake, kutoka gunia la mwisho la kila kontena, lililowekwa jikoni kwao.

Marehemu alianza kuugua Agosti mwaka jana, kiuno kikimuuma, akadhani ni kuinua magunia, hadi mwezi Januari alipolazwa hospitalini Chattogram, ikaonekana figo zake zimejaa vijiwe vya aina ambayo daktari hakuizoea. Daktari akamuuliza, "Mzee wangu, kuna kitu gani unakula kila siku ambacho wenzako hawali?" na ndugu yangu, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, siku hiyo alivuta shuka akajifunika uso, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Shehena mpya ilipoingia mwezi Machi alimwita Urmi kitandani, akamwagiza achote magunia ya nyuma kabisa, apeleke maabara Dhaka, na unga usitoke mpaka majibu yaje. Urmi alipeleka, lakini Bwana Bhudeb akamwambia, "Utatuzika sote wewe," akaufungulia unga mlango wa ghala kabla ya majibu. Wanunuzi walipouliza kama kawaida yao, aliwajibu, "Kanywa."

Hakunywa, jamani. Alikuwa kitandani na mpira puani, hata maji alikuwa anapewa kwa kijiko.

Nihar alifariki dunia tarehe 9 Aprili 2019, saa kumi alfajiri, na majibu yalifika jana mchana. Ndani ya unga ule mna kemikali ya kutengenezea plastiki, inayotiwa ili kipimo kionyeshe protini nyingi. Daktari hajasema ndiyo iliyomuua, nami sisemi, lakini Titli amelazwa tangu jana na vijiwe vidogo kwenye figo, na ndiyo maana mnamwona Mallika peke yake hapa mbele, Urmi yuko wodini na mtoto. Daktari anatupa moyo kwamba vitatoka. Bwana Bhudeb anasema tungoje sikukuu ipite ndipo tuwaambie watu. Sikukuu gani, Bhudeb? Mwaka Mpya wetu wa Kibangla ni Jumapili hii, na watoto wote wa mji huu watakula mishti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, majirani waliotupikia, wapakuzi wa ghalani waliochangia gari la kumleta nyumbani, na ninyi wafanyabiashara mlioacha shughuli zenu. Kila aliyenunua unga wa mwezi Machi, uwe bado guniani au umeshaingia sufuriani, asiupike, asiuuze, asimrudishie Bhudeb akauze kwingine. Naona Bwana Prasanta wa aiskrimu ameshainuka. Usione haya, baba, nenda, na wengine mfuateni, msingoje moto wa kumchoma marehemu, watu wa kumbeba wapo.

Pumzika kwa amani, Nihar. Hawa wanaotoka hawakukimbii, ndugu yangu, wanakwenda kumwaga.