Faili Namba 30031

Baada ya miaka thelathini na minne katika masijala ya ofisi yetu, Mzee wa Vigawo anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Cheo chake ni mtunza kumbukumbu mkuu. Jina hilo la utani tulimpa sisi, naye hakulikataa.

Kila faili mpya ilipofunguliwa, Mzee aliichambua namba yake kwanza. Ndani ya jalada aliandika kwa penseli kama ni shufwa au witiri, kisha vigawo vyake. Namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe aliiandikia “tasa”. Ukifuata faili, alikueleza habari zake hapo dirishani. Tuliitikia “Ehee, Mzee,” tukachukua faili na kwenda zetu. Yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Paa lilipovuja, maji yalifuta wino wa namba kwenye majalada mia mbili na kumi. Wakubwa walishika vichwa. Mzee alifungua jalada, akasoma 7, 23 na 127, akazidisha, akatangaza 20447. Zilizomtoa jasho ni zile tasa, maana hazikuwa na cha kuzidisha. Alipewa cheti, na sisi tukala keki.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemsikiliza: marehemu mkewe, fundi cherehani. Kila jioni Mzee alimpelekea namba moja, naye akaikagua kwa chaki ya kukatia nguo. Akimkuta na kosa, alimcheka mpaka majirani wasikie. Alifariki miaka tisa iliyopita. Tulichanga, tukazika, na Jumatatu tukarudi dirishani kuomba faili.

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, niliingia masijala kutafuta mfano wa kupamba nao ukurasa. Nikaangukia faili namba 30031, iliyofunguliwa wiki ile ya msiba. Aliandika: witiri, tasa. Namba yenyewe tamu: zidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, kisha ongeza moja. Kwa hiyo hakuna hata mojawapo ya hizo sita inayoigawa. Kwa ubishi tu, niliendelea na kumi na saba, kumi na tisa, nikapanda hivyo Jumamosi nzima. Kwenye hamsini na tisa ikagawanyika, isibaki kitu.

Nikafurahi kama mtoto: Mzee kakosea! Nikageuza jalada la nyuma niandike sahihisho. Lilikuwepo tayari, kwa mwandiko wake mwenyewe, na tarehe ya miaka tisa iliyopita: 59 × 509. Nimepekua rafu zote. Tangu mwaka ule kuna kosa moja kila mwaka, ndani ya jalada la mbele, mahali ambapo yeyote angeliona, na sahihisho lake nyuma. Alikuwa akingoja mtu amwambie amekosea. Tumepita pale dirishani miaka yote hiyo, na nimeona aibu ambayo siwezi kuificha kwenye kipeperushi cha sherehe.

Mzee wetu, asante kwa kazi, na utusamehe. 30031 si tasa. Umekosea, na nimekucheka kwa sauti. Wahenga walisema kawia ufike. Zimebaki faili nane. Tumegawana, kila mtu na yake, na tumeapa kutogeuza majalada ya nyuma. Tunakutakia mapumziko mema. Jumamosi usitoke nyumbani, tunakuja kubishana.