Mapipa ya Mforosadi

Sikilizeni wanangu, na wewe Torcuil acha kutazama dirishani, bahari haiendi popote. Sogea karibu na dada yako. Tangu baridi iishe mnaishi nyumba moja mkitumiana maneno kupitia kwa mgonjwa, "Baba, mwambie Oighrig hivi," "Baba, mwambie Torcuil vile," na sasa mjumbe anaondoka, nani atawabebea?

Mali yangu haina fumbo. Torcuil, mkono wako unaujua moto na shayiri kuliko wangu ulivyowahi kujua, basi mitambo ya kukeneka pombe ni yako. Oighrig, ghala na kila pipa lililolala humo ni lako. Usikunje uso, Torcuil. Kinachotoka mtamboni ni cheupe kama maji na kikali kama ulimi wa shangazi yenu, na sheria inataka kilale pipani miaka mitatu ndipo kiitwe wiski. Kwa hiyo wewe bila ghala ni mpika maji makali, na dada yako bila mitambo ni mlinzi wa mbao tupu. Nimekusudia hivyo, sikukosea.

Ugomvi wenu naujua. Oighrig alileta mapipa ya mbao za mforosadi kutoka Serbia, kule wanakolaza pombe yao ya matunda, akajaza machache kwa kinywaji chetu. Wewe ukasema mwacha asili ni mtumwa, pipa la Scotland ni la mwaloni, basi. Yale yaliyobaki matupu ukayatoa nje uani, upepo ukayakausha mpaka mbao zikaachana, nawe umekulia humu, unajua pipa likikauka limekufa nusu. Uliniumiza, mwanangu. Nililia hapa kitandani niliposikia dada yako anayamwagia maji ya kijito, ndoo kwa ndoo, ili mbao zivimbe zishikane tena.

Hiyo asili ni ipi? Babu yenu alipoleta mapipa ya Wamarekani, yaliyounguzwa ndani hadi yakawa makaa, kijiji kizima kilimcheka kwamba anatunywesha masizi, na mchungaji akasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Leo ndiyo unayoyaita asili. Lakini nawe Oighrig usitabasamu, kaka yako ana haki upande wa sheria, nayo inataka mwaloni tu. Kilicholala ndani ya mforosadi kisiuzwe kwa jina la wiski ya Scotland, hata kiwe kitamu namna gani. Kipe jina lake, kisimame kwa miguu yake, kwa sababu ukidanganya chupa moja watu watazishuku zote.

Haya Oighrig, mimina hicho cha mforosadi. Mimi usinipe, dawa zimeniua ulimi, hata supu ya samaki naila kama karatasi. Mpe kaka yako. Torcuil, uliapa mbele ya wafanyakazi kwamba hutakigusa. Kiapo hicho nakivunja mimi baba yako, na dhambi yake nakwenda nayo. Tia tone la maji kwanza, kama nilivyokufundisha. Kunywa, uniambie, maana nataka kuonja kwa mdomo wako.

Asali, umesema? Asali, na ngozi ya tandiko la farasi... na nini? Sema tena, masikio yangu... Ah. Kumbe husemi na mimi. Unamwuliza dada yako kama yale mapipa yaliyokauka yanashika maji.

Mjibu, binti yangu, usimringie. Mjibu kaka yako.

Vema. Niinulieni mto. Siku ya kunishusha kaburini, kando ya mama yenu, kamba ya kichwani ashike Torcuil, ya miguuni ashike Oighrig, na wazee wakisema kwetu mwanamke hashiki kamba ya jeneza, waambieni wanifuate wanishtaki. Mtakuwa mnatazamana. Legezeni kwa pamoja, polepole, maana mmoja akiwa na haraka nitaingia kichwa chini mbele ya majirani, na aibu hiyo siitaki.

Mungu awape moto usiozima, na mapipa yasiyovuja, na malaika, wale tunaosema hunywa kinachopungua mapipani... wawe na kiasi. Awape... subirini, pumzi... awape wajukuu wabishi kama ninyi.

Leteni mikono. Huu wa baridi ni wa nani? Wako, Oighrig? Na wako, Torcuil... weka juu ya wake. Siyo wangu. Wake.

Hivyo. Msiachie.