Kivuko cha Sinia

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao, lililobanwa kati ya banda la kinyozi na kibanda changu cha kushonea viatu. Mbele yake pana meza ya chini ambayo zamani ilikuwa mlango wa kabati. Majina yetu ya nyumbani yalishatutoka. Kinyozi ni Mkasi. Yule aliyekuwa karani wa posta, na sasa hana kazi ila kusahihisha wenzake, ni Profesa. Gia aliendesha malori mpaka alipostaafu, kwa hiyo jina lake halina haja ya maelezo. Mimi ni Soli. Kahawa anatuletea Mama Birika, na bila yeye sisi ni wanaume wanne waliokaa juu ya ubao basi. Tangu mvua za kwanza hapo benchini kulikuwa na mada moja tu, nayo ni safari ya kumpeleka Gia ng'ambo ya ziwa, nchi jirani, kwa barabara ya milimani na kivuko, kabla macho yake hayajafunga.

Daktari alimwambia wazi, na yeye akatuambia wazi vilevile. Ilikuwa presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinakwenda kidogokidogo. Hakulia siku hiyo. Alikunywa kahawa yake nusu, akakiweka kikombe chini.

—Kule juu kuna kona moja, akasema. Ukishaikata tu, ziwa lote linakujia usoni. Nimeipita miaka yote macho yakiwa kwenye lami, maana nyuma nina mzigo wa watu. Nataka niipite mara moja nikiwa abiria.

Na ng'ambo huko ndiko alikoolewa binti yake wa pekee. Tukamwambia imekwisha hiyo, tunakwenda sote. Gari lilikuwapo, la Mkasi, linalala nyuma ya banda la kinyozi. Dereva ni Mkasi mwenyewe. Kilichobaki ilikuwa kupanga njia tu.

Sasa kupanga, kwetu sisi, kuna utaratibu wake. Tunapangia mezani. Birika ndilo mlima. Vikombe ndiyo miji. Sinia la Mama Birika ndicho kivuko, na kasha la kiberiti ndilo gari. Sheria ni moja, na aliitunga Profesa: gari halitoki kikombe hiki kwenda kile mpaka wote tumekubaliana. Kahawa ikiisha vikombe vinakwenda kuoshwa, na kesho yake gari linaanza tena kutoka mjini. Kwa utaratibu huo, ndugu yangu, kiberiti chetu kilikuwa kimeshafika chini ya mlima mara nyingi mno. Kivuko hakijakiona hata siku moja.

Siku ninayoisimulia kiberiti kilikuwa palepale chini ya mlima. Profesa alitaka tupande asubuhi. Mkasi alitaka jioni, kwa hoja kwamba asubuhi jua linatokea ng'ambo na litatupiga usoni.

—Aliyeko juu mngoje chini, Mkasi akasema. Jua tulingoje hapa chini ya mlima mpaka lishuke.

—Methali hiyo inawasema wakubwa wenye kiburi, si jua, Profesa akamwambia.

—Kwani jua si mkubwa? Nionyeshe mkubwa kulishinda jua.

Mimi nikaona nisaidie, nikauliza Gia tutamkalisha upande gani wa gari. Maana kwa maelezo yake mwenyewe, wakati wa kwenda milima iko kushoto, na wakati wa kurudi iko kulia.

—Kushoto kwenda, kulia kurudi, Profesa akasema.

—Abiria hahamishwi kiti kama gunia, akajibu Mkasi. Dawa ni kurudi kinyumenyume. Milima itabaki kushoto mpaka nyumbani.

—Safari yote hiyo kinyumenyume?

—Mwenda pole hajikwai.

Gia akacheka mpaka akakohoa. Akatuambia kwamba pale kivukoni malori yote yanaingia kinyumenyume, ili yakifika ng'ambo yatoke kwa uso, kwa hiyo Mkasi hajakosea sana. Mkasi akajinyoosha shingo kwa fahari. Lakini Profesa hakubali mtu apate sifa kwa bahati. Akaanza kutueleza kuwa mpaka wa nchi mbili unapita katikati ya maji. Kwa hiyo mbele ya kivuko panafika ugenini wakati nyuma bado ni kwetu, na mtu mrefu akilala chali atakuwa na kichwa nchi ya watu na miguu nyumbani.

—Muhuri anagongewa wapi? nikauliza.

—Tumboni.

—Na akigeuka usingizini?

—Ndiyo maana wenye akili wanavuka wamekaa, Profesa akasema. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

—Na wewe umeyafika? Mama Birika akamuuliza, huku akinyoosha mkono. Hebu nipeni mlima huo, nimimine.

Akaliinua birika, akatumiminia, halafu hakulirudisha lilipokuwa. Aliliweka chini, miguuni pake. Gia alikuwa bado anatabasamu, uso ameuelekeza pale pale katikati ya meza mlima ulipokuwa, na sasa pana duara la maji tu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

Jambo hilo la mkono tulikuwa hatulisemi. Mwanzoni mwa mipango yetu Gia alikuwa anaonyesha miji kwa kidole kutoka alipokaa. Baadaye akawa anaigusa kikombe kwa kikombe. Wiki ile akanyoosha mkono atafute kivuko, kiganja chake kikatua juu ya birika la moto. Na sisi tulifanya nini? Tulimpaka mafuta, tukamfunga kitambaa cha Mkasi, halafu tukabishana alasiri nzima mlima uhamishiwe wapi ili usimchome tena. Hakuna aliyesema twendeni. Nakwambia inauma mpaka leo. Sote tuliona macho ya mwenzetu yanakwenda, na kila mmoja moyoni mwake aliogopa kuwa siku tutakayowasha gari itakuwa ndiyo siku ya kuyaaga. Basi tukawa tunapanga.

—Kiberiti kiko wapi sasa? Gia akauliza.

—Chini ya mlima, Mkasi akasema.

—Bado?

Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayeulizia mvua. Mkasi akajifanya anasikia mteja, akageuka kuangalia ndani ya banda lake, na ndani hamkuwa na mtu.

Hapo ndipo aliposimama mbele yetu mwanamke mwenye begi begani na vumbi la njia miguuni. Akatusalimia shikamooni, nasi tukaitikia. Gia aliitambua sauti kabla sisi hatujautambua uso. Aliinuka kwa pupa, goti likaipiga meza, na miji yetu yote ikalala upande, kahawa ikatiririka hadi kwenye sinia.

—Mama, umekuja na nani? akamuuliza binti yake, maana ndivyo alivyomwita tangu utoto, mama.

—Peke yangu, baba.

Akaupapasa uso wa mwanawe kwa mkono ule mzima. Binti alikuwa anamtazama machoni, na baba alikuwa anatazama juu ya bega lake, upande wa barabara. Binti akauma mdomo. Mama Birika akainama kuokota vikombe ambavyo havikuwa vimeanguka. Baadaye akatuambia bila kuona haya kuwa ni yeye aliyempigia simu, siku ile ya kitambaa.

Tulimpa nafasi akae. Akasema ametoka kwake leo alfajiri, akapanda basi mpaka kivukoni, akavuka, akapita milimani, na sasa ndiyo kwanza ameshuka mjini kwetu. Aliyasema hayo kama mtu anayesimulia safari ya sokoni. Sisi tukatazamana. Safari iliyotushinda msimu mzima, mtoto wa watu ameimaliza siku moja na begi begani.

Mkasi hakuweza kujizuia.

—Binti, hebu tukate ubishi. Pale kivukoni, milima inaonekana vizuri ukikaa upande gani?

Yule mwanamke akaona aibu.

—Sijui, baba yangu. Nililala.

—Na kule juu kwenye kona? Profesa akauliza.

—Kote nililala. Nilikuwa sijapata usingizi tangu ile simu.

—Mwacheni, Gia akasema. Mwenye macho akilala ni haki yake.

Binti akatueleza alichokujia. Amekuja kumchukua baba yake akakae naye, chumba kishapakwa rangi, na basi linaondoka kesho asubuhi. Alikuwa na shukrani kwetu. Alisema baba yake kila akipiga simu humsimulia safari inayopangwa na wenzake, na jinsi wanavyoijua njia ile kila kona. Kisha akatuuliza swali, na hakuliuliza kwa ubaya.

—Mimi nitapita naye, lakini sijui pa kuangalia. Nani kati yenu ameshaiona ile barabara, twende naye, awe anamwambia baba tunapita wapi?

Profesa akafungua mdomo. Nilijua anatafuta methali, na nilijua hakuna. Akaufunga. Mkasi alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa naangalia vilevile viatu vya Mkasi, viatu nilivyovishona mwenyewe, soli ambazo hazijawahi kwenda mbali kuliko kituo cha mabasi. Mlima wote tulioubishania, na kona, na malori ya kinyumenyume, vilitoka mdomoni mwa Gia. Hakuna mwingine kati yetu aliyewahi kuvuka hata mto.

Mkasi akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akauweka mezani kwenye kahawa iliyomwagika.

—Twendeni sasa hivi, akasema. Bado kuna mwanga. Tukikimbiza tutafika kule juu jua halijazama.

—Mkasi, Gia akasema. Yamefunga.

—Lini?

—Siku nilipoungua. Tangu hapo sioni hata mwanga wa mlango.

—Sasa mbona ulikuwa unaendelea kupanga na sisi?

Gia akalitafuta benchi kwa mkono, akakaa.

—Mlikuwa mnafurahi, akasema.

Mkasi alilia wazi, mtu mzima na aproni yake. Siku zote tulidhani tumekaa pale kwa ajili yake, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anakaa kwa ajili yetu.

Gia akaulizia kasha la kiberiti. Nilikuwa nimelishika mkononi bila kujua, nikampa. Akapapasa meza mpaka akalipata sinia, akaweka kiberiti juu yake, kinyumenyume kama malori yanavyoingia, akalisukuma sinia taratibu hadi ukingo wa pili wa meza. Hakuna aliyekubali na hakuna aliyepinga.

—Mama, akamwambia binti yake, ile njia mwili wangu unaijua. Injini ikishusha sauti mara ya tatu, ujue tunaikata kona. Nitakwambia uangalie. Kazi yako ni kuniambia umeona nini.

—Nitakwambia, baba.

—Usilale tu.

—Silali.

Wakaondoka kwenda nyumbani kwa Gia kujiandaa, wameshikana mikono, begi likiwa begani mwa Gia, maana alikataa katakata binti alibebe. Tuliwatazama mpaka walipopinda kona ya duka la mbao. Mama Birika akasimama amalize kumimina, akakuta hakuna aliyenyoosha kikombe. Sinia lilikuwa bado ukingoni mwa meza na kiberiti juu yake, naye hakuligusa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kupanga, kahawa ilibaki.