Keita, Coulibaly na Rais Aliyeng'olewa

Siku ya nne baada ya wanajeshi kumng'oa rais, basi dogo la kwenda soko kuu la Bamako lilikuwa kimya kama msibani. Assitan Coulibaly, muuza vitambaa, alichoshwa na kimya hicho, akamgeukia mzee aliyekaa pembeni yake. "Baba, ukoo wako?"

"Keita."

Moyo ukamfunguka. Koo za Keita na Coulibaly ni watani tangu enzi na enzi, huitana watumwa na wala maharage, na mtani haogopwi. "Kumbe mtumwa wangu! Ninyi ndio mliotuangushia serikali."

"Sisi? Imeangushwa na bunduki, we mla maharage!"

"Bunduki zipo kambini miaka yote. Rais tulimchagua wenyewe, akatusahau. Walipokuja kumchukua, nani alitoka kumtetea? Mimi nilishangilia mpaka sauti ikanikauka."

"Na hawa wanajeshi je, wakikusahau? Utawatoaje, na kura hukuwapigia?"

Assitan akavuta pumzi ajibu, maana kushindwa na Keita ni aibu ya mwaka mzima.

Mara basi likasimama kwenye kizuizi. Mwanajeshi kijana akachungulia ndani. "Nani anabishana siasa humu?"

Abiria wote wakatazama miguu yao.

"Mimi, Coulibaly," akasema Assitan. "Nauliza tunapiga kura lini."

Kijana akajaribu kukunja uso, ukamshinda. "Mimi ni Keita. Kwani wala maharage nao hupiga kura?"

"Tunapiga. Na wewe utapanga foleni nyuma yangu."

"Nitapanga, mama."

"Bunduki uiache kambini."

Basi zima likaangua kicheko, na wa mwisho kunyamaza alikuwa mwanajeshi.