Mwalimu Aliyerudi Bila Sauti

Benchi letu liko mbele ya duka langu la ushonaji, ubavuni mwa kinyozi, na jioni watu wakitoka kazini ndipo linapojaa. Anayetuuzia kahawa tunamwita Mama Kahawa. Kinyozi ni Wembe, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Mzee aliyestaafu kwenye stoo ni Hakimu: kila ubishi anaukatia hukumu, ingawa mahakamani hajawahi kutia mguu. Mimi ni Fundi, basi. Jioni hiyo katikati yetu alikaa Mwalimu wa darasa la kwanza, jirani wa wote, aliyeharibika koo kwa miaka ya kuimbisha watoto a-e-i-o-u. Daktari alimkataza kuongea. Wakubwa wake wakamwonea huruma, wakampa kazi ya ofisini, kiti laini na feni juu ya kichwa. Hakumaliza hata mwezi. Wiki hii karudi darasani, sauti hana. Sisi tunabishana kwa nini, na mwenyewe yupo hapo hapo anakunywa maji ya moto, kimya.

— Mimi sishangai, — Wembe akaanza. — Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule ofisini wakampa jembe, akatimka.

— Jembe ofisini la nini? — nikamuuliza.

— Mafaili, Fundi. Usiwe mgumu.

Hakimu akatikisa kichwa.

— Si hivyo. Mtu akishazoea kuamkiwa, hatibiki. Kila asubuhi darasa zima linasimama: shikamoo mwalimu. Ofisini nani amsimamie? Mimi nimezeekea stoo, hata panya hawakuwahi kuniamkia.

Mabega ya Mwalimu yakatikisika. Siku hizi kicheko chake kinaishia mabegani.

— Ni chaki, — Wembe akasema, akijisogeza mbele. — Lile vumbi linaingia puani, linapanda kichwani kama ugoro. Ukilikosa siku mbili tatu unatetemeka. Mtazameni mikono.

— Yangu pia inatetemeka, na chaki sijashika, — Hakimu akasema.

— Yako ni uzee, mzee wangu.

— Haya, sikilizeni hukumu. Wale watoto wana siri yake. Mtoto wa miaka saba ukimwambia usiseme, anatangaza mpaka sokoni. Karudi kuwalinda midomo. Ndiyo maana ikasemwa, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Hiyo na siri wapi na wapi? — nikauliza.

— Inahusu kurudi. Karudi, hakurudi?

Mama Kahawa alikuwa anasuuza vikombe, hajatia neno. Sasa akakaa juu ya ndoo yake.

— Nyie mnaropoka tu. Mjukuu wangu yuko darasa hilo. Juzi kaja nyumbani ananong'ona. Nikamshika shingo, nikadhani homa. Namuuliza unaumwa wapi, ananong'ona: siumwi, bibi. Kumbe Mwalimu aliingia asubuhi, akaandika ubaoni: sauti yangu imepotea. Wale watoto wakaanza kusoma, herufi moja moja, huyu anadaka kwa huyu, mpaka wakafika mwisho. Walipoelewa, wakanyamaza wote. Hakuna aliyewaambia. Tangu hapo wanaongea naye kwa kunong'ona, darasa zima, kama kuna mgonjwa amelala. Mjukuu wangu kaniambia, bibi, tukipiga kelele sauti yake itaogopa kurudi.

Mwalimu aliangalia kikombe chake, akakizungusha, akakizungusha tena.

Ndipo akaja yule binti. Tulikuwa tumemwona mara moja tu, siku aliyoshuka na sanduku lake: mwalimu mpya wa darasa la nne, kazi yake ya kwanza. Macho yalikuwa mekundu, na begi kubwa lilikuwa begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, — Mama Kahawa akaitikia. — Njoo ukae.

— Sikai, mama. Nimekuja kumuaga Mwalimu. Kesho narudi nyumbani. — Akamgeukia. — Leo wamenicheka mpaka nikatoka nje, nikaenda kulia nyuma ya tangi la maji. Nikasikia darasa lako, kimya kabisa, nikasema huyu ana dawa gani. Mwalimu, wewe kwa nini hujaondoka?

Hakimu akafungua mdomo. Mama Kahawa akamwekea mkono gotini, naye mzee akaufunga.

Mwalimu alivunja sharti la daktari. Sauti ilitoka kama kitambaa kinachochanika.

— Nimetaka sana, mwanangu. Ila kila nikishika mlango, namkumbuka mmoja ambaye bado kidogo tu ataanza kusoma. Namwachaje, kabakiza kidogo?

— Na akishasoma?

— Hapo nakuwa nimeshamwona mwingine.

Binti akaliweka begi sawa begani. Kisha akauliza, polepole, kama anayeogopa jibu:

— Na mimi kama huyo mmoja simwoni?

Wembe akatazama viatu vyake. Hakimu, mwenye hukumu kwa kila jambo, akavua kofia, akaivaa tena. Nilimtazama Mwalimu, naye akatikisa kichwa. Alichofanya ni kusogea, akabana kwangu, nafasi ikapatikana kwenye benchi. Binti akashusha begi, akakaa. Mama Kahawa akainamisha birika, ikatoka nusu kikombe, ndiyo ya mwisho, akampa. Tulikaa hivyo mpaka giza likaingia.

Asubuhi nilikuwa nafungua duka nilipowaona wanapita wawili, Mwalimu na yule binti, wakielekea shuleni. Wembe alikuwa anafagia mlangoni kwake. Hakuweza kujizuia.

— Mwalimu mpya, si uliaga jana?

— Niliaga, kaka, na naondoka kweli, — akasema, bila kusimama. — Ila hesabu za kugawanya niliwaachia watoto katikati. Acha nikamalize kwanza.

Mwalimu akasimama palepale barabarani, akashika kiuno, mabega yakimtikisika kwa kicheko mpaka machozi yakamtoka.