Aliyeaga Akabaki Amesimama: Ndugu Ambrosi Chengula na Lenzi ya Kuvuta

Tarehe 30 Juni 1979, Ndugu Ambrosi Chengula, mpiga picha wa sinema wa kitengo chetu cha filamu za wakulima hapa Mbeya, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Wapo watakaomkumbuka kwa koti lake la sufu, alilolivaa hata Ruaha Mbuyuni ambako mbuzi wenyewe hutafuta kivuli. Wapo watakaokumbuka filamu zake za pareto, chai na misitu. Sisi tuliokuwa naye kila siku tunamkumbuka kwanza kwa lenzi moja. Bila lenzi hiyo kitengo hiki kingefungwa, na mwandishi wa wasifu huu, ambaye kazi yake ni kusoma maelezo ya filamu kwenye kipaza sauti, huenda leo angekuwa anauza vitumbua.

Ndugu Chengula alizaliwa Ilula, mkoani Iringa. Alianza kazi mwaka 1948 akiwa mfunga shuka, maana yake yule anayetundika shuka jeupe kati ya nguzo mbili kabla ya sinema kuonyeshwa kijijini. Akapanda akawa mwendesha projekta, na baada ya Uhuru akafundishwa kamera. Wakongwe wanasema hakuwa mwepesi wa kujifunza. Aliwahi kupiga picha za uzinduzi wa daraja, kuanzia hotuba ya kwanza hadi ya mwisho, kifuniko cha lenzi kikiwa mahali pake. Alipoulizwa, alijitetea kwamba siku hiyo ilikuwa na mawingu.

Kamera alikuja kuizoea vizuri sana. Kilichomsumbua ni adabu, yake na ya watu.

Kamera yetu ya zamani ilikuwa na lenzi fupi. Ukitaka kuonyesha vidole vya mkulima vikichambua miche, ilikubidi umsogelee karibu kabisa. Sasa nani katika nyanda hizi atasogelewa na mtu mzima mwenye koti, asimsalimu? Mkulima alikuwa anaacha jembe, anapangusa mikono na kusalimu. Kina mama wa Iringa walikuwa wanapiga goti kidogo kwanza. Ndugu Chengula naye, aliyelelewa vizuri na mama yake, hakuweza kuacha salamu ya mtu ikielea hewani. Aliachia kamera, akaitikia kwa mikono miwili, na kamera ikaendelea kukoroma peke yake.

Basi filamu zetu zikajaa salamu. Filamu ya palizi ya pareto ilipoonyeshwa vijijini, kila aliyetokea kwenye shuka aliinama kusalimu, na watazamaji wakaitikia kwa pamoja, kwa Kihehe, "Kamwene!" Mimi niko kwenye kipaza sauti naeleza habari za mbolea, wao wanaitikiana na shuka. Watu walirudi nyumbani wamefurahi sana, na palizi hawakujifunza.

Mwaka 1974 wakubwa walichoka. Ujumbe uliotufikia ulikuwa mfupi: filamu inayofuata, ya kukagua kupe kwenye ndama, ikiwa ya salamu tena, kamera itarudi Dar es Salaam, kitengo kitavunjwa, na Ndugu Chengula atapelekwa stoo kutunza viti. Mtu aliyeanza kwa kutundika shuka angemalizia kwa kupanga viti. Hakulalamika, ila kwa siku kadhaa hakumaliza chai yake, na sisi tuliomzoea tulijua ana hofu.

Hata hivyo tuliruhusiwa kununua lenzi mpya. Moja tu. Muuzaji alituazima tatu tuzijaribu kwanza. Ya kwanza ilikuwa fupi kama tuliyokuwa nayo, lakini safi, picha yake kali kama wembe. Ya pili ilikuwa ndefu, ya kuonea mbali. Ya tatu ndiyo hiyo tuliyoiita lenzi ya kuvuta: ukisimama mahali pamoja unaona zizi zima, ukizungusha pete unavuta mpaka unaona sikio la ndama mmoja, bila kuinua mguu.

Mkuu wetu, Ndugu Silvester Mwaisaka, alitaka ile fupi, na hoja yake ilikuwa na uzito. Lenzi ya kuvuta inakula mwanga mwingi, na nusu ya kazi yetu iko kwenye baridi na ukungu. Tulipoijaribu Mafinga, ndani ya msitu wa misonobari asubuhi, picha ilitoka nyeusi tii. Mafundi wa kiwanda cha mbao walionekana kama vivuli vinavyobeba vivuli. Ndugu Silvester alisema mshika mawili moja humponyoka.

Ndugu Chengula mwenyewe wakati huo aliipenda ile ndefu. Alifikiri dawa ya salamu ni kukaa mbali, basi. Tukaenda nayo Ruaha Mbuyuni, kwa mkulima wa vitunguu aitwaye Yotamu. Ndugu Chengula akajibanza upande wa pili wa barabara kuu, akapiga picha siku nzima. Tulipata picha nzuri sana za ubavu wa malori yaendayo Zambia. Na kila Yotamu alipohama tuta moja kwenda jingine alipotea kabisa, maana lenzi hiyo ni kama kuchungulia kwenye tundu la sindano. Ukimpoteza mtu, unamtafuta mpaka jua linazama.

Lakini siku hiyo hiyo lilitokea jambo dogo. Kazi ilipoisha, Ndugu Chengula alivuka barabara kwenda kumshukuru Yotamu na kumuaga. Yotamu akamsindikiza mpaka kwenye mtaro, wakaagana, akarudi kwenye vitunguu vyake. Dereva wetu Filemoni alikuwa bado anahangaika na gurudumu, hivyo Ndugu Chengula akabaki amesimama pale pale mtaroni, mbele ya macho ya watu wote. Yotamu hakumtazama tena. Alifunga mafungu ya vitunguu kana kwamba mgeni yuko Iringa tayari. Kisha Ndugu Chengula akakumbuka kofia aliyoisahau shambani. Alipopiga hatua chache tu kuifuata, Yotamu aliacha vitunguu, akapangusa mikono, na salamu zikaanza upya: habari za tangu mmeondoka, habari za safari, safari ambayo ilikuwa haijaanza. Tukapewa na vitunguu mara ya pili.

Filemoni alicheka mpaka Iringa. Ndugu Chengula hakucheka. Tulipokaribia Mbeya ndipo akasema alichokuwa anakiwaza. Aliyeaga ameondoka, hata kama bado amesimama. Hasalimiwi, hatazamwi, watu wanaendelea na kazi zao. Lakini akisogea karibu, amefika upya. Na mahali pa kuagania hachagui mgeni, anachagua mwenyeji, kwa sababu yeye ndiye anayesindikiza. Huyu atakusindikiza hadi mlangoni, yule hadi mtoni. Sasa utachukuaje lenzi ya umbali mmoja, wakati hujui utaachwa wapi?

Ndugu Silvester alisikiliza hoja hiyo akiwa ameshika kichwa. Akauliza itakuwaje Mufindi kwenye ukungu. Ndugu Chengula akajibu kwamba jua la Mufindi huchelewa, ila huja, nao watalingoja. Mkuu akatia sahihi kwenye fomu ya kununua lenzi ya kuvuta na kusema, "Haya. Lakini tukifungwa, Ambrosi, viti tutapanga wote wawili."

Tukaenda Usangu, kwenye familia za wafugaji Wasukuma waliokuwa wamehamia kutoka kaskazini. Bwana mifugo Faustin Kashindye, mwenyeji wa huko huko walikotoka, alitupeleka kwa Mzee Budeba na mkewe Ng'washi. Mzee Budeba alikubali kwa moyo mmoja kupigwa picha akikagua ndama. Lakini hata mtu aliyekubali, mgeni akimkaribia, adabu inamshinda.

Ndugu Chengula akafanya alivyopanga. Alisalimu salamu zote za Kisukuma alizofundishwa na Faustin, akaulizwa habari za ng'ombe wake, ambao hana, akajibu hawajambo. Tukanywa maziwa. Tukaaga. Mzee Budeba, kwa heshima yake, akatusindikiza. Tulimwomba Mungu kimoyomoyo asiende mbali sana, naye akapita zizi, akapita ua wa miba, akatufikisha kwenye kichuguu, akasimama. Hapo ndipo tulipoachwa, na hapo ndipo stendi ya miguu mitatu ikafunguliwa.

Mzee akarudi zizini, akamshika ndama wa kwanza. Ndugu Chengula akawasha kamera. Kwanza akachukua zizi zima na vumbi lake. Akavuta, akampata mzee. Akavuta tena, vidole vikaonekana vikipekua ndani ya sikio, kupe mmoja baada ya mwingine.

Katikati ya kazi, Mzee Budeba aliinua uso akatazama upande wetu. Akatutazama kwa muda. Mkono ukaachia sikio. Mimi niliona vitumbua vyangu kabisa, na sahani yake. Mzee akamgeukia mkewe akasema neno la Kisukuma, naye akajibu bila kuacha kusukuma ndama wengine. Mzee akatikisa kichwa, akarudi kwenye sikio, na kazi ikaendelea mpaka ndama wa mwisho.

Faustin alitutafsiria baadaye garini. Mzee aliuliza, "Wale wageni si wameshaaga? Mbona bado wako pale?" Ng'washi akamjibu, "Wameaga hao. Wanangoja gari lao. Endelea na ndama, baba Nkuba."

Mkanda ulipelekwa mbali kusafishwa, na zile wiki za kungoja sitaki kuzikumbuka. Uliporudi tuliuonyesha ofisini, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Ndugu Silvester alikaa mbele, Ndugu Chengula alisimama nyuma karibu na mlango, nadhani ili akimbie kwa urahisi. Zizi likatokea. Mzee akatokea. Vidole vikatokea, na kupe, wakubwa kwenye shuka kama maharage. Hakuna aliyeinama, hakuna aliyepangusa mikono. Pale mzee alipoinua uso, mioyo yetu ilisimama tena ingawa tulijua mwisho wake. Akarudi kwenye sikio. Mkanda ukaisha.

Ndugu Silvester alishusha pumzi ndefu iliyosikika chumba kizima. Akasema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, "Ambrosi, keti. Viti vipo." Ndugu Chengula alikaa, na jioni hiyo alikunywa chai yake yote na ya Filemoni.

Filamu ya kupe ilizunguka Iringa na Mbeya yote. Watu walitazama kimya, kisha wakauliza maswali ya kupe. Kitengo kikabaki. Lenzi nayo ilipata jina: Filemoni, ambaye ni Mnyakyusa na anajua heshima ya ukweni, aliiita Mkwe, kwa kuwa inamwona mtu vizuri bila kumkaribia. Mama Evarista, mke wa Ndugu Chengula, alitoa kitenge cha kuifungia, na tangu siku hiyo Mkwe alisafiri kwenye mapaja ya mwenye koti, siyo kwenye buti. Mufindi tulingoja jua kama alivyoahidi. Mara nyingine tulilingoja mpaka tukamaliza mihogo yote ya kuchoma ya Mafinga, lakini lilikuja.

Wiki iliyopita Ndugu Chengula alimkabidhi Mkwe kwa mpiga picha mpya, Ndugu Esta Mgaya. Hakuna mkwaruzo hata mmoja. Ndugu Esta alipotaka kujua siri ya kazi, mzee alimwambia ajifunze kwanza kunywa maziwa ya watu bila haraka. Tumepumua. Lenzi ni nzima, kitengo ni kizima, na mzee wetu anaondoka kwa miguu yake mwenyewe, bila kupelekwa stoo.

Ndugu Chengula, tunakushukuru kwa uvumilivu, kwa utani, na kwa kazi zetu ambazo ulizishika mkononi siku ile kwenye kichuguu. Tutakukosa, na hatuoni haya kusema. Upate afya, mvua ya kutosha shambani, na wajukuu watakaokuacha ulale mchana.

Kwa desturi ya huku, mtu husindikizwa kwa kadiri ya heshima yake. Jumamosi sote tutapanda Landrova, Filemoni akiendesha, tukusindikize mpaka mlangoni pako Ilula. Hapo tutaagana. Tukichelewa kuondoka, usitujali, endelea na shamba lako. Tutakuwa tunangoja gari. Ila siku utakayosogea huku Mbeya hata hatua chache, ujue tutaacha kila kitu, tutapangusa mikono, na salamu zitaanza upya.

Roza Kihaga,
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako